Maua ya Dambo na Muhogo wa Arusi

Nakumbuka wiki ya arusi ya kaka yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka natafuta kandambili ya kumpigia mtu.

Nyuma ya mtaa wetu hapa Kolwezi kuna dambo, ardhi ya majimaji ambako mama zetu huloweka muhogo wa bukari, ugali wetu. Vichaka vya maua ya manjano vimejiotea humo. Kila mama ana kichaka chake: huchimba shimo chini yake, huzamisha muhogo, kisha hufunga kipande cha kitenge kwenye tawi. Hakuna anayegusa cha mwenzake.

Kaka alitaka maua ya kupamba gari la bibi arusi. Mimi, niliyekuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nilimtolea hotuba ndefu kuhusu ardhi oevu. Hata mbwa aliondoka. Kaka na rafiki zake wakafyeka vichaka vyote. Vile vitambaa? Walivifungua wakavitupa, eti uchafu.

Asubuhi yalibaki mashimo tu, yote sawasawa.

"Hii ni yangu!" mama akasema.

"Ya kwako wapi? Muhogo yako iko na mizizi kama kamba!" akajibu jirani yetu Mama Kalenga, mpishi mkuu wa arusi. "Basi mi sipiki tena. Mujipikie!"

Kaka akajitetea: "Mama, ilikuwa ya kupamba gari."

Shangazi mkubwa akamtazama. "Sawa, baba. Bageni batakula maua."

Kisha akaamuru muhogo wote utolewe, uchanganywe, na ukikauka bwana arusi autwange mwenyewe, mbele ya mtaa mzima. Alitwanga mpaka akatoka malengelenge. Mama Kalenga alikuja kumcheka, akamfundisha kushika mchi, akaishia kukoroga sufuria. Maua yalinyauka ndani ya ndoo kabla gari halijaoshwa.

Sasa wewe, jana, uliniambia utasafisha dambo upate mahali pa kupigia picha za arusi yako! Vichaka vimeota tena, vitambaa vinaonekana kutoka barabarani. Mwanangu, hakuna kitambaa kinachojifunga chenyewe. Mtafute aliyekifunga, umuulize, ndipo ushike panga. Au simama kando ya maua yakiwa na mizizi yake. Bibi arusi atapendeza vilevile.

Ule mchi wa shangazi, aliotwangia kaka, ninao mimi. Mungu asinilazimishe kukukabidhi. Akupe nyumba yenye bukari ya moto, na majirani wanaobisha hodi bila aibu.