Nahodha Niliyemficha

Mtu akipuliza maiki kabla ya kusema, fuu, halafu akaigonga mara mbili kwa ukucha, mimi hushtuka hata nikiwa kwenye harusi ya watu nisiowajua. Juzi ilinitokea kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, hapa Kiseke. Mwenyekiti alipuliza, akagonga, na mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta mtu wa kumshika. Jirani yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni joto tu. Nyinyi nitawaambia ukweli.

Baba yangu alikuwa mtafsiri wa video pale Igogo, Mwanza. Kama hamjawahi kuingia kwenye kibanda umiza, ni banda la mabati lenye mabenchi yaliyobanana mpaka goti lako linagusa mgongo wa aliye mbele, televisheni moja juu ya meza ndefu, deki na spika mbili. Picha ilikuja na Kiingereza chake na wengi wetu hatukukielewa, kwa hiyo kando ya televisheni alikaa mtu na maiki akieleza nani ni nani, kasema nini na kwa nini. Baba alikipata Kiingereza alipokuwa karani bandarini, kabla kazi ile haijaisha. Harufu ya banda lile bado ninayo puani, jasho na karanga za kukaanga, na dagaa walioanikwa nje upande wa ziwani.

Jumamosi saa kumi jioni ilikuwa zamu ya tamthilia moja ndefu ya watu wanaosafiri angani. Ilianza kabla sijazaliwa na haikuonyesha dalili ya kwisha. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelitumia, sisi tuliita Chombo tu. Baba aliitafsiri kana kwamba kile chombo kinang'oa nanga Mwanza kwenda Bukoba. Kiongozi wake alikuwa nahodha, na baba alimpa jina la Malimi kwa sababu, alisema, jina lake la kwenye picha halimezeki. Sayari yenye vumbi aliiita Shinyanga. Watu walikubali. Malimi ndiye alikuwa steringi wetu, shujaa wa picha, mwenye koti la kijani lenye kiraka begani na kovu refu shavuni, na alipokuwa hatarini mama mmoja muuza vitumbua alimwombea kwa sauti, tena kwa jina.

Lakini Chombo kilijaa makosa, na hayo makosa nilikuwa nayajua mimi kuliko mtu yeyote Igogo. Mlinzi aliyekufa sehemu ya pili alionekana sehemu ya tano akimimina chai. Bandeji ilitoka mkono wa kulia ikaenda wa kushoto wakati mtu anavuka mlango. Kikombe kitupu kilijaa chenyewe. Kiumbe mmoja mwenye ngozi ya zambarau na macho matatu alisahau kuvua saa ya mkononi. Na kulikuwa na jiwe moja lenye ufa katikati, ambalo lilikuwepo kwenye kila sayari waliyotua. Walidhani hatutaliona, lakini mtoto wa Mwanza amekulia juu ya mawe. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari la mistari, na juu ya jalada niliandika MAKOSA kwa herufi kubwa.

Mchezo ulikuwa wa baba. Aliuanzisha nikiwa darasa la nne. CD ya Jumamosi ililetwa Ijumaa, nasi tuliitazama kwanza nyumbani kwenye televisheni yetu ndogo, yeye akikaa ubavu, sikio karibu na spika, kwa kuwa eti Kiingereza cha wale watu kinapita mbio. Kazi yangu ilikuwa kukamata makosa. "Ili ukamate kosa lazima uone kila kitu," aliniambia. "Nani kaingia kwanza? Kavaa nini? Kakaa upande gani?" Nikitaja kosa, yeye alitakiwa kulitafutia sababu. Akiipata, bao lake. Akikosa, langu. Hakukosa hata siku moja. Bandeji? Kidonda cha kule kinatembea. Mlinzi? Aliyekufa ni Kulwa, huyu ni Doto, pacha wake. Saa? Kaiokota Shinyanga. Kesho yake sababu zile alizisema kwenye maiki, watu wakapiga makofi, na mimi nikakaa kwenye benchi na kinyongo changu. Macho yalikuwa yangu, makofi yalikuwa yake.

Nilipofika darasa la tano niliamua kumshinda.

Ijumaa ile baba alikwenda msibani Magu akachelewa kurudi. Nilitoka shule, nikaweka CD, nikaitazama peke yangu. Karibu na mwisho Malimi alipotelea kwenye moshi na wenzake wakalia. Kisha mlango wa chombo ukafunguka, akaingia mwanamume mwingine kabisa. Mfupi kidogo, pua nyingine, sauti nzito, shavu halina kovu. Mwilini alikuwa na koti la kijani lenye kiraka. Akakalia kiti cha nahodha na wote wakampigia saluti, kana kwamba ndiye aliyekuwepo tangu mwanzo. Watengenezaji walikuwa wamebadilisha mwigizaji bila kusema neno. Nilirudisha nyuma mara tatu nihakikishe. Mara ya nne umeme ulikatika, na baba aliporudi ulikuwa bado.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Haya, nieleze."

Nilimweleza moshi, nikamweleza kilio, na nani alisimama wapi. Nikampa makosa mawili madogo na yote mawili akayapatia sababu akiwa bado anavua viatu. Kuhusu yule mtu mpya nilinyamaza. Nilijiambia kwamba siyo uongo, maana kesho atamwona mwenyewe kama kila mtu. Nilitaka tu aduwae mbele za watu, maiki mkononi, halafu anitafute kule kwenye benchi anione ninacheka.

"Ndiyo yote?" aliuliza.

"Yote, baba."

Jumamosi mama alinituma sokoni, nikafika bandani picha imeshaanza na mabenchi yamejaa. Nikasimama mlangoni, nyuma ya Mama Devota, mwenye banda. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini na kijana mmoja wa Buhongwa aliyevaa kofia.

"Wiki iliyopita kwenye picha nyingine mtafsiri kaona binti akasema ni mama mtu," Mama Devota alisema. "Juzi tena, kaona mzee akasema ni kijana. Wateja wananisema. Baba Minza namheshimu sana, lakini banda likikosa watu nitakula nini? Kaa hapa usikilize. Akivuruga na leo, Jumamosi ijayo maiki unashika wewe."

"Sawa, mama," kijana akajibu.

Minza ni mimi. Tangu kazi yake ya bandarini iishe, maiki ile ndiyo ilikuwa ugali wetu, ada yangu na kodi ya chumba. Nikatazama televisheni. Malimi alikuwa anakimbia kwenye ile korido yao moja ambayo kila wiki huipaka rangi upya waseme ni nyingine. Baada ya korido ni ngazi, baada ya ngazi ni moshi, halafu kilio, halafu mlango. Nilikuwa nimeirudia mara tatu, kwa hiyo nilijua vizuri sana muda uliobaki ni mdogo kiasi gani.

Nikaanza kupita katikati ya watu.

Niliruka miguu, nikakanyaga ndala, nikasukuma migongo. "Nani huyu anakanyaga watu?" Malimi akapanda ngazi. "We mtoto, kaa chini, unaziba." Mtu akanishika gauni kwa nyuma akanikalisha kwa nguvu, na nilipochomoka moshi ulikuwa umeshatanda kwenye kioo. Nilitaka kuita baba, lakini ningeitaje? Ningepaza sauti, banda zima lingejua. Muuza vitumbua alikuwa ameshaanza kuomba. Wenzake Malimi wakalia, baba akalia nao kwenye maiki, na alilia vizuri kweli. Nilikuwa bado mabenchi mawili kumfikia mlango ulipofunguka.

Yule mtu akaingia, akasema maneno mawili kwa ile sauti yake nzito.

"Anaingia mgeni," baba akasema. "Sauti hii si ya mtu wa chombo hiki. Mwangalieni sana huyu. Ni adui, kaja kukalia kiti cha marehemu."

Mtu wa benchi la pili akauliza, "Mtafsiri, adui gani anapigiwa saluti?"

"Na koti la Malimi kalitoa wapi?" akadakia mwingine. Wachache wakacheka.

Niligeuka nikamwona Mama Devota amemwinamia kijana wa kofia, anamwambia kitu. Maiki ikawa inavuma peke yake. Mwanga wa televisheni ulimpiga usoni. Hakuwa anaangalia picha. Alikuwa ameielekea spika, shingo ameinyoosha, midomo inacheza bila neno. Nilikuwa nimetaka kumwona ameduwaa, na sasa nilimwona, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikavuka yale mabenchi mawili bila kujali nakanyaga nani, nikaweka mdomo sikioni mwake.

"Ndiye Malimi, baba. Wamebadilisha mtu. Nilikuficha."

Hakuniuliza kwa nini. "Koti?"

"La kijani."

"Kiraka?"

"Kipo."

"Kovu?"

"Halipo."

Akanishika kifundo cha mkono. Akapuliza maiki, fuu, akaigonga mara mbili kwa ukucha.

"Ndugu zangu," akasema taratibu, "nimemwita mgeni kwa sababu hata mimi amenipotea. Mtu aliyepita kwenye moshi ule hatoki na sura aliyoingia nayo. Ngozi yote imebabuka, kovu limekwenda na ngozi. Koo limeungua, ndiyo maana anasema kwa sauti ile. Wenzake wamemjua kwa koti tu. Huyo ni Malimi, amerudi."

Hakuna aliyecheka. Muuza vitumbua akaitazama televisheni akasema, "Pole, mwanangu," na hapo ndipo makofi yalipoanza, kutoka mbele mpaka mlangoni. Nilipotazama nyuma, kijana wa kofia alikuwa ameshatoka na Mama Devota amesimama peke yake, anatuangalia mimi na baba.

Baba hakuuachia mkono wangu mpaka mwisho. Kila alipoliachia neno kwenye maiki aliinamisha kichwa kwangu. Nani huyo? Daktari. Kasimama wapi? Kulia, kashika kikombe. Nyumbani hakunigombeza, wala mama hakuambiwa. Jumamosi iliyofuata tulikuta Mama Devota ameweka stuli mbili kando ya televisheni badala ya moja. Nilidhani nimepandishwa cheo, nikaringia shule nzima.

Nilikuwa kidato cha pili tulipompeleka baba kwa daktari wa macho, wakati huo anapapasa ukuta kutafuta mlango. Daktari aliuliza hali ile ilianza lini. Baba akasema siku nyingi kidogo. Mama akamkatiza, akataja mwaka, na nilipohesabu nikaona ni mwaka niliokuwa darasa la nne, mwaka wa daftari. Nilikaa kwenye lile benchi la hospitali nikiona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimeamini ananifundisha kukamata makosa ya watu wa angani. Kumbe kila Ijumaa alikuwa anaomba macho yangu, na Ijumaa moja nilimnyima.

Chombo bado kinaendelea, mnaweza kuamini? Nahodha wa sasa ni wa nne na ni mwanamke. Nimesoma mtandaoni kwamba yule Malimi wa kwanza aligombana na watengenezaji juu ya mkataba akaondoka katikati ya kazi, na kwamba lile jiwe lenye ufa lilikuwa la sponji, likibebwa na watu wawili kutoka sayari hadi sayari. Baba anaishi nami siku hizi, na habari ya jiwe ilimchekesha siku nzima. Jumapili mchana tunakaa sebuleni, mimi naangalia, yeye anasikiliza, namsimulia.

Mwaka jana ndipo nilipopata ujasiri wa kumwambia.

"Baba, ile Ijumaa nilikuficha makusudi."

"Najua. Ulisema 'yote' haraka mno."

"Sasa mbona hukunibana?"

"Ulikuwa hujapata bao hata moja, mwanangu. Nikasema nikuachie hilo." Akapapasa mezani mpaka akaupata mkono wa kikombe chake cha chai. "Nilidhani umeficha kikombe. Kumbe umeficha nahodha mzima."

Tulicheka, mimi mpaka machozi yakanitoka, na sidhani yalikuwa ya kicheko. Kwenye televisheni mlango wa chombo ukafunguka. Baba akauliza nani kaingia, nami nikamwambia, polepole, kavaa nini na kakaa upande gani.