Saa Niliyomletea Baba Mkwe

Sikutaka kurudi Sumbawanga na vitenge kama kila mtu anayetoka Dar. Baba mkwe wangu ni katekista kule Chala, na miaka yote ameamini kwamba chuo kikuu kilininyang'anya dini. Safari hii nilitaka zawadi itakayomtuliza.

Kariakoo nilimwambia muuza saa, "Nataka kitu cha kumkumbusha mzee wangu sala." Kichwani nilikuwa na barakashia niliyoinunua asubuhi ile kwa sababu ya jua. Akaniangalia, kisha akanipa saa ya mezani yenye umbo la jengo la dhahabu, na kuba juu yake.

"Hii haimwachi achelewe, Alhaji."

Nami, msomi, nikadhani ananiita Alhaji kwa heshima ya kitambi changu. Alitaka kunionyesha inavyolia. Nikamwambia asijisumbue, namwamini.

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwa mzee. Aliiweka saa kando ya msalaba, akawaambia majirani, "Mkwe wangu ameniletea. Kumbe dini anayo!" Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi njiani.

Tulikuwa katikati ya rozari, saa kumi kasoro, jengo lile lilipowasha taa za kijani na kuadhini kwa sauti iliyojaza sebule nzima. Nilibonyeza kila kitufe, likazidi kupaza. Mzee akashusha rozari yake taratibu, akanigeukia.

"Mkwe," akauliza, "umesilimu lini, na binti yangu anajua?"