Kete Thelathini na Nane

Mke wangu Wanu, Mungu amrehemu, alikuwa mwizi wa kete. Nasema wazi, maana nitamshukuru kwa wizi huo mpaka naingia kaburini.

Mwaka wa hamsini na saba tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa hapa Jang'ombe, jina lake Marashi. Bwana Masoud wa mifugo alikuja na baskeli yake, akampandisha kwa mbegu ya dume iliyokuwa ndani ya mrija. Mtaa mzima ukacheka: "Dume la chupa!"

Tokea siku ile, kila asubuhi kete moja ikawa inapotea kwenye bao langu. Ala! Nilifoka mpaka koo likakauka.

Alfajiri moja Marashi akalia kutaka dume tena, ute unamning'inia. Mie hasira zangu zi karibu. "Huyu tasa," nikasema. "Idi Kubwa namchinja."

Neno hilo la tasa nilishamrushia na Wanu pia. Miaka tisa ya ndoa, mtoto hakuna. Ulimi hauna mfupa, astaghfirullah.

Wanu alimfungua Marashi, akamweka na ng'ombe wa jirani yetu, Bi Mwanamkasi. Mie siku zote nilimfunga peke yake mnazini. Dalili ya uhakika ningeiona wapi? Wanu akamwona kasimama tuli anapandwa na mwenzake, akamwita Bwana Masoud aje jioni. Alipofika, Wanu akamwaga mkekani kopo alilokuwa kalificha.

"Hesabu, bwana," akaniambia.

Kete thelathini na nane.

"Angekuwa hakushika, angerudi kutaka dume siku ya ishirini na moja," alisema Wanu. "Huyu kashika mimba, ikamtoka. Tasa hashiki."

"Kweli kabisa, Bi Wanu," alisema Bwana Masoud, akampandisha tena.

Alipoondoka nikamuuliza Wanu, "Umejuaje?"

"Sie wanawake twahesabu siku zetu, kwa ajili ya sala. Zangu zimepitiliza mara tatu, Usi, kisha zikarudi; mimba tatu zimenitoka. Hukuniuliza hata siku moja."

Niliona haya, nikalia mbele yake.

Safari ile Marashi alishika, akazaa ndama jike. Maziwa yake tulikunywa na majirani, alhamdulillahi. Kete sikuzidai, bao nikachezea vijiwe. Na kila mwezi nikawa namuuliza mke wangu, "Umefika siku ya ngapi leo?"

Watoto hatukujaliwa. Lakini mimba ya nne ilipomtoka, Wanu hakulia peke yake.