Magoti ya Gaudiosa

Gaudiosa, anayelea wazee huko Farsta, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, alikulia Bukoba. Hadi leo akikutana na mkubwa wake humpigia magoti kumwamkia, hata juu ya theluji. Ndiyo maana siku ile ya mazoezi ya mchezo wa kuigiza mwongozaji, Mswidi mpole, hakumwelewa kabisa.

Mchezo ulihusu utumwa wa Marekani, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Gaudiosa aliigiza mtumwa aliyetoroka mara tatu, akavuka mto na mtoto mgongoni. Halafu mwishoni, eti apige magoti mbele ya mzungu mpinga utumwa aliyemfungulia mlango!

"Sipigi," alisema.

"Mbona sasa hivi umempigia Mama Benedicta, yule mzee wa kwenu, pale nje?"

Damu ikamchemka. "Mama Benedicta namheshimu, kanilea. Huyu kafungua mlango tu! Mto nimevuka mwenyewe. Mbwa wa wasaka watumwa wameninyofoa nyama mimi, siyo yeye."

"Lakini huyo mtumwa lazima amshukuru mtu."

"Basi huyo bwana aje anishukuru mimi kwa kufika."

Akavuta kiti cha yule mzungu mwenye nyumba pale jukwaani, akakikalia. "Endeleeni. Nimetembea sana, nimechoka."