Nzomo Ashuka Baharini

Kwa zaidi ya miaka thelathini Nzomo alichimba visima Kithyoko na vijiji vya jirani. Alishuka kwa kamba na sururu yake, akatafuta maji chini ya mwamba, na mara nyingine akapanda bila kuona hata unyevu. Kuogelea hakujua. Angejifunzia wapi? Mto Tana haukuwa mbali, lakini una mamba. Huko watu huchota maji wakaondoka mbio.

Binti yake Wendy ndiye aliyekwenda Pwani, akajifunza kuzamia, na sasa alikuwa akiwafundisha wageni katika hoteli moja kwenye kisiwa kisicho na gari wala duka. Mwezi wa Novemba, kabla wageni wa Krismasi hawajafurika, meneja alimruhusu awalete wazazi wake wapumzike.

Ndanu, mkewe Nzomo, alifika na kiondo cha pojo na asali ya kumpa bintiye. Alipoona viti virefu vya kujinyoosha vimepangwa mchangani, alijilaza papo hapo.

"Wacha huu mgongo unyooke," alisema. "Umelima ya kutosha."

Nzomo yeye alishindwa kutulia. Asubuhi iliyofuata alimkuta Wendy akikagua mitungi ya hewa.

"Huko chini kuko na nini?" aliuliza.

"Twende ujionee, Baba."

"Wewe Wendy, usiniulie mzee!" Ndanu alipaza sauti kutoka kitini.

Walianzia pale maji yanapofika kifuani. Nzomo alikunywa chumvi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Wendy alimpigapiga mgongoni.

"Pumua polepole. Masikio yakiuma, bana pua upulize kidogo."

Alirudia mpaka pumzi ikakubali. Ndipo wakapanda mashua hadi kwenye boya, wakashuka taratibu wakiishika kamba. Kisimani, kadiri alivyoshuka ndivyo giza lilivyomfunika; hata hapa alikuwa akilingojea giza hilo. Halikuja. Jua lilimfuata mpaka chini, likacheza juu ya matumbawe, na samaki wa manjano wakampita puani kama hawajaona mtu. Kasa mmoja mkubwa alikuwa akila majani bila haraka. Nzomo alicheka, miwani ikaingia maji, na Wendy akamwonyesha jinsi ya kuyapuliza yatoke.

Mashua iliporudi ufukweni hakungoja hata avuliwe vifaa.

"Mama Wendy! Inuka! Kuko na... wee, sijui nianzie wapi! Inuka tu!"

Ndanu alimtazama. Tangu wazike ng'ombe wao wa mwisho wakati wa kiangazi kikali, hakuwa amemwona mumewe akirukaruka hivi.

"Hiyo mitungi siivai," alisema, akiinuka polepole.

Wendy alimvalisha mama yake jaketi la kuelea juu ya dera, akampa miwani na mrija wa kupumulia. Nzomo akamshika mkono mmoja, binti akashika wa pili, wakaingia naye. Ndanu aliomba kwa sauti, kisha akazamisha uso. Akakaa. Akakaa zaidi. Alipoinuka alikuwa akitweta.

"Na mlikuwa mnaniacha nilale!"

Kengele ya chakula cha mchana ikalia hotelini. Wendy akauliza kama warudi. Ndanu alikwisha kuinama tena majini, na mkono wake ulikuwa ukimvuta mumewe mbele.