Siku Babu Alipokuja Uwanjani Baada ya Kuzikwa

Kuna harufu moja ambayo nikiinusa hata leo, mtu mzima mwenye kazi na watoto, miguu yangu husimama yenyewe. Ni harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha za baiskeli. Nikipita kwa fundi yeyote hapa Tabora namwona babu yangu, Mzee Kasele, ameinama barazani kwetu Ng'ambo, tyubu mapajani, mdomo umebinuka kwa kuitafuta pancha isiyoonekana. Msinicheke. Kwenu hiyo ni gundi tu, lakini kwangu ni harufu ya mtu niliyemwona akitembea siku moja baada ya kuzikwa.

Bibi alikuwa akisema mumewe ana dini mbili, Moraviani asubuhi na Radi jioni. Radi ilikuwa timu ya Ng'ambo, na mahasimu wake walikuwa Siafu wa Isevya. Kila siku ya mechi yao babu alivaa koti lake la kaki na kofia ya pama, akauburuta mguu wake mbovu wa kushoto hadi uwanja wa shule, huku akijiegemeza kwenye pampu ndefu ya baiskeli badala ya mkongojo. Mimi nilimfuata na kigoda chake kichwani. Aliniita "mke wangu," kama mababu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na mahali pangu palikuwa kando ya kigoda hicho, karibu na kibendera cha kona.

Upande wa Siafu ngoma ilipigwa na Bwana Shomari, fundi cherehani wa Isevya. Yeye ni Mzaramo, wa ukoo uliokuja Tabora na misafara ya zamani kutoka pwani, na tangu enzi hizo za kubeba mizigo Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani. Kwa hiyo yeye na babu walitukanana kwa haki kabisa. Shomari alidai Mnyamwezi hatajua mpira kamwe, maana akiona kitu chochote anataka kukitia kichwani akipeleke pwani. Babu alijibu kwamba hata huyo babu yake Shomari alifika Tabora akiwa amebebwa. Jioni ungewakuta wawili hao kwenye sahani moja ya mihogo.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa. Mechi iliyotangulia ilikuwa imeisha kwa mawe, na mama akaapa sitakwenda tena. Nilimngoja babu anitetee. Jumatatu ya wiki ya mechi mpya, akiwa anakaza spoku, alisema bila hata kunitazama kwamba mama yangu ana haki, mke wake atabaki nyumbani. Nilikuwa nimeshajishonea kitambaa cha bluu, rangi ya Radi, cha kufunga kichwani. Hasira zilinipanda, nikamwambia, "Bora uumwe, na wewe usiende."

Jumatano babu alishikwa na kifua. Alhamisi asubuhi mama alirudi kutoka hospitali na viatu vya babu mkononi.

Bibi alikuwa na msemo wake kila tulipotamka jambo baya: maneno huumba. Siku hizo nilizoziishi kwa jirani, ambako watoto tulipelekwa ili tusione maiti wala kaburi, sikuwa na wazo jingine kichwani. Wenzangu walilia kwa sababu babu amekufa. Mimi nililia kwa sababu nilimuua mimi, na hakuna aliyejua. Jumamosi walimzika. Mechi haikuahirishwa, wazee wa pande zote mbili walisema ikiahirishwa marehemu atawanunia.

Jumapili baada ya chakula nikasikia ngoma za Isevya zikipita. Nilimtoroka jirani nikakimbilia uwanjani. Kwenye kona, kigoda cha babu kilikuwa kimewekwa mahali pake, na ingawa watu walibanana hadi juu ya ukuta wa shule, hakuna aliyekikalia. Nilijibanza nyuma ya miguu ya watu wazima. Jua lilikuwa kali na vumbi limesimama hewani.

Halafu ngoma zikanyamaza zote kwa pamoja. Watu waliokuwa upande wa njia ya makaburini wakaanza kupisha, na katikati yao akaja babu.

Lilikuwa koti lake, na kofia yake ya pama imevutwa hadi machoni. Mguu wa kushoto uliburuzika vilevile, pampu ikagonga ardhi, akasimama akakohoa mara mbili kama alivyokohoa siku zote. Uso ulikuwa mweupe, kama mtu aliyelala kwenye unga. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuna mtu aliyeshtuka. Mama mmoja muuza karanga alimwambia, "Shikamoo mzee, habari za huko?" naye akaitikia kwa kichwa. Kijana akamuuliza kama amewakuta wenzake hawajambo, akaitikia kwa kichwa tena. Watu wazima wakacheka, wengine huku wanafuta machozi. Nikaona kumbe wote wanajua kwamba wafu hurudi, ila sisi watoto tunafichwa.

Alikaa kwenye kigoda, na mechi ikaanza. Sikuuona mpira hata mara moja. Nilimtazama yeye, jinsi alivyokaa bila kusema neno, na kadiri woga ulivyozidi ndivyo nilivyozidi kujua kwamba sina nafasi nyingine. Akishaondoka, nitamwomba nani? Karibu na mapumziko nilitoka, nikatambaa hadi pale, nikamshika mkono wa koti. Lilinuka solusheni.

"Babu, nisamehe," nikamwambia. "Ni mimi niliyesema uumwe."

Watu hawakusikia nilichosema, lakini walimwona mtoto akimwamkia marehemu, wakafurahi. Wakaanza kupiga makofi na kumhimiza aitikie. Aliniinamia. Kisha akaivua kofia ya pama, akajifuta unga kwa kiganja, na chini yake palikuwa na uso wa Bwana Shomari.

"Mimi ni Shomari, mjukuu wangu," akasema. "Babu yako yuko kaburini, na aliyempeleka huko si wewe."

Nilimpiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, nikilia arudishe koti, amrudishe babu, aniache niongee naye. Hakunizuia hata kidogo. Alilivua koti akanifunika nalo, akanibeba hadi nyumbani kwetu mchana kweupe, uwanja mzima ukitutazama.

Mama ndiye aliyenieleza usiku huo, huku akijilaumu kwa kunisahau. Mtani akifa, mtani mwenzake huomba nguo zake, akajifanya yeye. Hupita alikopenda marehemu, watu wakamsalimu na kumtania, na aliyevaa haruhusiwi kusema wala kufunua uso mpaka azirudishe nguo nyumbani jua likizama. Ndivyo marehemu anavyoagwa. Mchana ule watani walikuja msibani kuomba koti, kila mtu akajua, isipokuwa sisi watoto tuliokuwa kwa jirani.

Siafu walifungwa mawili kipindi cha pili. Isevya hawakumsamehe Shomari. Walisema amevunja mwiko na kumwacha marehemu Mnyamwezi akizurura uwanjani bila kuagwa, wakamnyang'anya ngoma, na hakuipiga tena. Miaka mingi wachezaji wao walikataa kupiga kona upande ule mpaka mtu amwage maji kwanza. Nami nilimchukia pamoja nao. Nilijiambia kwamba yule mzee alihitaji kuitikia kwa kichwa mara moja tu, kama alivyomwitikia muuza karanga, nami ningelala usingizi.

Nilikuwa nimeshazaa nilipokwenda kumwamkia kwake Isevya. Macho yalikuwa yamekwisha, bali mdomo ulikuwa mzima. Aliitikia marahaba, akaniambia Wanyamwezi tulishindwa kuwafunga Siafu kwa miguu hadi tukamtumia mtoto. Nilicheka, kisha nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniitikia kwa kichwa.

"Ningekusamehe," akasema, "ningekuwa nimekubali kwamba ulimuua."

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimedhani Bwana Shomari alininyima kitu.