Mtoto wa Unga

Toakase alikuwa amekwisha kumwonea wifi yake wivu kwa mambo mengi, lakini hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angeuonea wivu mfuko wa unga wa ngano.

Mfuko wenyewe uliingia nyumbani mchana wa Jumatatu, umekumbatiwa kifuani na Vaimoana, wifi mtu, akiwa bado na sare za shule. Ulikuwa umevalishwa nepi ya kweli na kofia ya kufuma, na mbele umechorwa macho mawili na mdomo unaocheka.

"Mama! Toka uone mjukuu wako mwingine!"

Mama Fusi, mama mkwe wa Toakase, aliacha mkeka aliokuwa anasuka akatoka nje huku amejishika kiuno.

"Makubwa! Na huyu baba yake nani?"

"Hana baba. Kaletwa na mwalimu wetu wa sayansi kimu. Kila msichana kapewa wake, alee wiki nzima. Haruhusiwi kuachwa peke yake hata ukienda chooni. Akianguka akapasuka, umefeli."

"Na analia?"

"Nitalia mimi kwa niaba yake."

Wakacheka mama na binti, wameegemeana. Toakase alikuwa kizingitini mwa nyumba yake ndogo ya uani, ananyonyesha. Alicheka pia, maana asingecheka ingeonekana.

"Nimempa jina Lisiate," Vaimoana akasema, akimgeukia. "Lile jina ulilolitaka wewe, wifi. Nimeona lisipotee bure."

Lisiate lilikuwa jina la baba yake Toakase, kule kisiwa cha 'Eua. Alipojifungua alitamani sana kumpa mwanawe jina hilo. Lakini kutoa jina ni kazi ya shangazi, na shangazi alikuwa Vaimoana, ambaye wakati ule alikuja kumwona mtoto mkoba wa shule ukiwa bado mgongoni. Alimtazama kidogo, akasema, "Huyu Sateki," na likawa Sateki. Maka, baba wa mtoto, alipopigiwa simu hakutia neno. Kaka gani atabishana na dada yake juu ya mtoto?

Sasa jina la baba yake lilikuwa limepewa unga. Toakase alishindwa kujua kama wifi yake alikusudia mapenzi au kejeli, na huko kutojua ndiko kulikomchoma.

Yeye shule aliiacha baada ya darasa la mwisho la msingi. Mama yake alikuwa mgonjwa, na nyuma yake kulikuwa na wadogo waliohitaji kuogeshwa, kulishwa na kusukwa nywele. Watu walimsifu kwamba ni mtoto mwenye mikono ya kazi, na sifa zikaishia hapo. Maka alimpata kwenye mkutano wa kanisa, akamleta huku Kolonga kwao, kisha akaenda Australia kuchuma zabibu. Toakase akabaki na mkwe, wifi na tumbo.

Mama Fusi hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa moja, na alilisema waziwazi kwa kila aliyepita njiani: Sateki akitimiza mwaka na sherehe yake ikapita, atahama nyumba ndogo, awe analala nyumba kubwa kwa shangazi yake.

"Vai tu ndiye sina hakika naye," alikuwa akisema. "Bado analala kama gogo."

Ndiyo maana mfuko ule ulipoingia, Mama Fusi aliona umeletwa na Mungu. "Wiki hii tutaona. Ukimlea huyu salama, na Sateki utamweza."

Basi ikawa wiki ya unga. Vaimoana alipima maji ya kuogea kwa kiwiko, akapangusa kofia ile kwa kitambaa chenye unyevu, akamcheulisha Lisiate kwa kumpigapiga mgongoni mpaka vumbi jeupe likamtoka. Mama Fusi alikaa karibu naye akipepea nzi.

"Kichwa, Vai! Shika kichwa!"

"Mama, kichwa chake ni kifundo tu."

"Hata kifundo, kishike."

Jioni akauimbia. Ulikuwa wimbo mrefu wa kubembeleza, wa kwao akina Fusi, ambao Toakase hajawahi kumsikia akimwimbia Sateki hata siku moja. Sateki alikuwa anaota meno, analia, anatafuna bega la mama yake. Toakase akawa anatembea naye uani huku akiutazama ule mdomo wa wino unaocheka. Akajiambia, huu ni wazimu, nauchukia unga.

Alhamisi Vaimoana akawahi mazoezi ya kwaya. "Wifi, nishikie Lisiate. Wewe tu ndiye nakuamini."

Hajafika mbali, wageni wakaingia: mke wa mchungaji na wanawake wawili wa kijiji cha pili. Mama Fusi akawatandikia mkeka mzuri, kisha akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Toakase, mwanangu! Tupikie topai!"

Topai ni madonge ya unga tu, yanachemshwa kisha yanaogeshwa kwenye tui lililochanganywa na sukari iliyoungua. Nazi ilikuwepo na sukari ilikuwepo. Toakase akafunua debe la unga, akakuta mna vumbi la kupaka kiganja. Akatazama dirishani. Duka la Mchina lilikuwa palepale barabarani, mlango wazi, mwenyewe kakaa nje anajipepea.

Akamtazama Lisiate, aliyekuwa kalazwa kwenye kikapu pembeni ya Sateki. Sateki alikuwa anamng'ata kofia.

Akaivua ile kofia, akaikunja vizuri, akaiweka rafuni. Akafungua nepi. Mfuko akautoboa kwa chini, asiguse uso.

Alikanda, akakata madonge, akayatumbukiza kwenye maji yanayochemka, akayaona yakizama kisha yakiibuka. Moshi wa kuni na harufu ya sukari vikamjaa kwenye blauzi. Tangu Jumatatu alikuwa hajajisikia mwepesi namna ile.

"Haya madonge yamepikwa na malaika," mke wa mchungaji akasema na mdomo umejaa.

Vaimoana akarudi kutoka kwaya, akaamkia wageni, akakaa, akamaliza bakuli, akaongezwa jingine.

"Leo wifi umejitahidi," akasema akilamba kidole. "Lisiate kalala?"

Toakase akaielekeza rafu kwa kidevu. "Kofia yake ile pale."

"Na mwenyewe?"

"Ndiyo hayo unamalizia."

Mke wa mchungaji akaacha kutafuna. "Tumemla nani, jamani?"

"Unga si uliisha, mama," Toakase akamwambia mkwewe. "Na wewe ulitaka upesi."

Mama Fusi akageuka taratibu akatazama barabarani, penye duka. Vaimoana ndiye aliyelia, akalia kwa kwikwi mbele ya wageni, bakuli bado mapajani. Toakase aliungojea utamu wa kumwona vile. Ukaja kweli, kisha ukapotea kabla hajaumeza.

Kesho yake Vaimoana akarudi kutoka shule na macho yamevimba.

"Mwalimu kacheka mpaka kakaa chini. Lakini kanifelisha. Labda nikilea mtoto wa kweli, tangu kesho asubuhi mpaka Jumapili jioni, na nyumbani mkubali."

"Tunakubali," Mama Fusi akadakia, macho kwa Toakase. "Mtoto wa kweli si yupo?"

Wivu wa Toakase ulikuwa umempeleka palepale alipokuwa anapakimbia.

Jumamosi nzima Toakase alikuna nazi huku sikio liko nyumba kubwa. Akasikia Sateki akicheka, kile kicheko cha tumboni alichodhani kinamjua yeye peke yake. Akamwona Vaimoana anamwogesha, anamtia mafuta, anapita katikati ya vidole vya miguu kwa utulivu, kama mtu aliyeanza kazi hiyo zamani. Laiti angefanya vibaya kidogo tu! Mtoto alipoletwa kunyonya, alinyonya kidogo, kisha akageuza shingo kumtafuta shangazi. Maziwa yakamlowesha Toakase kifuani.

"Yuko salama, wifi, usihofu," Vaimoana akasema akimchukua tena.

"Sihofu," Toakase akasema.

Usiku mtoto alilia sana huko, kisha akanyamaza. Toakase aliona heri kilio.

Asubuhi kengele ya kanisa ilipogonga, alikwenda nyumba kubwa akisingizia kufuata chano. Akamkuta Sateki kalala fofofo mkekani, kafungwa kwenye blauzi. Blauzi yake yeye Toakase, ile ya Alhamisi, haijafuliwa, ina mistari ya unga mkononi.

"Nimeiiba kwenye nguo zako chafu," Vaimoana akanong'ona. Alikuwa anajifunga kiunoni ta'ovala yake, ule mkeka wa kuvaa kanisani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Nilimwimbia, nikamzungusha nyumba nzima, hataki. Nikakumbuka tulifundishwa kwamba mtoto anaijua harufu ya mamake. Nilipomfunika tu, akalala."

Walipotoka kanisani wakafukua chakula kilichookwa shimoni, wakala, wakanyoosha miguu. Mama Fusi akajifuta mikono.

"Haya. Vai kafaulu. Sherehe ikiisha, Sateki anahamia huku."

"Hapana, mama," Vaimoana akasema. Sateki alikuwa mapajani mwake anatafuna kipande cha kiazi kikuu. "Atalala kwa mama yake."

"Nani kasema?"

"Shangazi yake."

Mama Fusi mwenyewe alikuwa shangazi wa nusu ya kijiji, na kwa neno hilohilo alikuwa amekwisha kuchukua mikeka, nguruwe na majina ya watoto wa watu. Angelipinga vipi leo? Akachukua pepeo lake, akaanza kujipepea kwa nguvu.

Baadaye wifi wawili walibaki jikoni wakiosha vyombo.

"Duka lilikuwa wazi Alhamisi," Vaimoana akasema bila kuinua macho. "Nilipita pale nikitoka kwaya."

"Nilijua liko wazi."

"Haya."

Akaendelea kusugua sufuria. Toakase alitafuta neno la kumshukuru, akalipata, lakini halikutoka lote. Mwanawe amebaki naye, ndiyo. Ila amebaki kwa sababu msichana wa shule kasema, na kesho akisema vingine, itakuwa vingine. Alitamani neno lile lingekuwa lake, hata mara moja.

"Ahsante, wifi," akasema.

Vaimoana akajifuta mikono, akamwinua Sateki kikapuni, akamkabidhi kwa mama yake kama mwalimu alivyowafunza, kichwa kwanza, halafu makalio. Toakase akampokea, akaanza kuondoka kwenda nyumba ndogo. Juu ya bega lake mtoto akanyoosha mkono nyuma, vidole vikifunguka na kufumba, akimtaka shangazi.

Toakase akamgeuza atazame mbele, akaendelea kwenda.